Sifa za Kiherehere

Simba amesifiwa hadi sifa zimemchosha. Bunduki imesifiwa, mbwa wa mawindo kasifiwa, hata mjomba aliyewahi kuua nyati mmoja ujanani anasifiwa kila Idi, na asiposifiwa hujisifu mwenyewe. Kiherehere peke yake hajatungiwa hata ubeti. Namsema yule wa porini, anayempanda mwindaji pale mnyama anapojitokeza.

Mtazame kazini. Mzee ameketi chini ya mkwaju tangu alfajiri, kibali mfukoni, gobore mapajani. Kichaka kinachezacheza. Anatoka tandala dume, anapiga hatua moja, anasimama, anatikisa sikio kufukuza nzi. Kiherehere anaingia bila hodi. Mate yanakauka, goti linacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga, mtutu unachora duara hewani. Moto unapolipuka, kinachoanguka ni tawi la mkwaju. Na gobore halina risasi ya pili: mpaka baruti imwagwe upya na kushindiliwa, tandala keshavuka korongo.

Nani mwingine analinda wanyamapori kwa bei hiyo? Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilihitaji sheria, askari na mahakama. Kiherehere yuko kazini tangu enzi za mishale, hana sare, haombi posho, na hongo hapokei. Siku za kukosa kazini anazo, sikatai. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 na mwanawe Kermit, wawili hao waliangusha wanyama 512 kabla safari yao haijaisha. Nadhani Kiherehere alikuwa likizo.

Na ukarimu wake! Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazomwaga adrenalini. Walter Cannon, mtaalamu wa Harvard, alieleza mwaka 1915 kwamba hapo mwili unajiandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, sukari inajaa kwenye damu, misuli mikubwa inashibishwa. Bahati mbaya mzee wetu hakuja kupigana wala kukimbia. Kaja kukaa kimya na kuvuta kidole kimoja taratibu, kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, naye Kiherehere kamletea nguvu za kupanda mlima. Mgeni akikuletea ng'ombe mzima ulipoomba chumvi, utamlaumu? Tandala naye ana tezi hizohizo, na dawa ileile imemwingia wakati uleule. Tofauti ni kwamba yeye anaitumia kama ilivyokusudiwa.

Wasiomthamini wamejaribu kumnyamazisha kwa vidonge. Ipo dawa ya moyo iitwayo propranololi, inayopunguza kasi ya mapigo na kutuliza mkono. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alikutwa nayo mwilini, akanyang'anywa medali zake mbili, ya fedha na ya shaba. Maana yake ni kwamba Kiherehere analindwa na kanuni za michezo duniani kote. Hata faru hajafika huko.

Lakini sifa yake kubwa ni ufundi wa lugha anaoufundisha. Kwenye baadhi ya kambi za wawindaji Marekani, aliyemkosa kulungu hukatwa pindo la shati, likatundikwa ukutani wote walione, na maneno yakaishia hapo. Kwetu hatukati shati. Tunamwacha mzee aeleze, na jioni nzima haitoshi: baruti ilishika unyevu, upepo uligeuka, halafu tandala yule si wa kawaida, ana mwenyewe. Kijana aliyebeba maji, aliyeliona goti kwa macho yake, anaulizwa athibitishe.

"Upepo ulikuwa mkali kweli, babu," anasema, na kujisogezea bakuli la mlenda.