Ina Jipsamu, Ina Tailizi, Haina Hewa

Nyoo! Mpigie dalali yeyote wa Dar es Salaam sasa hivi, awe wa Tabata, wa Mbagala au wa Goba, mwambie unatafuta nyumba ya kupanga. Kabla hajafika kwenye kodi atakuimbia: “Ina jipsamu, ina tailizi, madirisha aluminiamu, jiko la kisasa, masta na choo chake, ipo ndani ya fensi, luku yako mwenyewe.” Msikilize mpaka apumue. Hutamsikia akisema “ina upepo”. Na wewe mpangaji hutamuuliza. Utauliza kama gari linaingia, na gari lenyewe huna.

Mji huu Februari unafika nyuzi 32, na unyevu wa bahari juu yake, shati linaganda mgongoni ukiwa umekaa tu. Halafu hapa kijiweni kila wiki kuna mtu anakuja kutuonyesha kwenye simu alivyorekebisha nyumba. Tunaangalia, tunasifu, tunarudi kwenye drafti. Akishaondoka ndipo watu wanasonya. Mimi nimechoka kusonyea pembeni, leo nasema.

Tuanze na jipsamu. Jipsamu yenyewe haina kosa. Madini yake ni ya hapahapa, yanachimbwa Makanya kule Same na Itigi mkoani Singida, na dari ni kitu cha maana sana chini ya bati. Bati lisilo na dari ikifika saa saba mchana linashusha moto hadi kwenye mto wa kulalia. Tatizo ni mashindano. Jirani kaweka dari la ngazi moja, wewe unataka mbili. Wa nyumba ya tatu anataka tatu, na ua katikati, na taa za bluu zinazozunguka pembeni. Kila ngazi inashuka, na chumba kilichokuwa na futi kumi kwenda juu kinabaki na nane na nusu. Joto kazi yake ni kupanda. Zamani lilikuwa na pa kwenda, sasa linakaa usawa wa kichwa chako na mnatazama taarifa ya habari pamoja.

Tena fundi akishapanda huko juu anaziba na matundu ya hewa yaliyoachwa chini ya paa. Ukimuuliza anasema yanaingiza popo na mbu. Ni kweli yanaingiza. Lakini wavu si unauzwa duka la vifaa vya ujenzi? Unaweka wavu, popo anabaki nje, joto linatoka. Kuziba ni rahisi zaidi kwake, basi, na paa zima linakuwa sufuria lenye kifuniko.

Kinachoniuma zaidi ni pangaboi. Watu wanang'oa pangaboi! Sebule ilikuwa na pangaboi linalozunguka tangu enzi za baba mwenye nyumba, likalaza watoto na wajukuu, leo linashushwa kwa sababu “linaharibu dizaini”. Mwingine anataka kulirudisha, anakuta fundi hakuacha ndoano kwenye kenchi, na jipsamu haiwezi kubeba feni, hata ukiiombea. Inabidi dari zuri lipasuliwe upya. Anaona bora anunue kiyoyozi.

Haya, tupige hesabu za kiyoyozi, maana hapa kijiweni kila mtu ni mhasibu wa hela za mwenzake. Kile cha kawaida cha BTU 12,000 kinakula karibu uniti moja kwa saa pale kompresa inapozunguka. Pangaboi ni wati 70 hivi, maana yake uniti hiyohiyo moja inalizungusha saa kumi na nne. Lala na kiyoyozi kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, uniti sita au saba zimeyeyuka. Wale wa tarifu ndogo, ya uniti 75 kwa mwezi, hawamalizi wiki mbili. Ukiendelea hivyo unahamishiwa tarifu ya juu, halafu unakuja kijiweni kulalamika kwamba umeme umepanda. Umeme haujapanda, kaka. Umeshusha dari.

Fundi jipsamu wetu, ambaye hukosi kumkuta hapa ikifika saa kumi na moja, alijitetea. Akasema mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka vile vile, na ukimshauri anakuona hujui kazi. Hapo nampa haki yake. Hizo picha nyingi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye nchi ambazo nusu ya mwaka watu wanavaa makoti. Kule nyumba inajengwa ili joto lisitoke, ndiyo maana kila upenyo umezibwa na madirisha hayafunguki ovyo. Nyingine zinatoka Dubai, ambako mitambo ya ubaridi inanguruma mchana na usiku na mwenye nyumba ameshalipanga hilo kwenye bajeti. Wewe unachukua picha ya mtu anayekimbia baridi, unaileta Kigamboni.

Mzee mmoja wa Kariakoo, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka kikombe chake cha pili cha kahawa, alituuliza kama tunakumbuka nyumba za Kiswahili zilivyo. Mlango wa mbele, baraza, korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma, unatokea uani kwenye jiko na choo. Ukifungua milango miwili upepo unaingia barazani unatokea uani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nyingi hazikuwa na dari, na kuta za ndani ziliishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo hewa ilipita juu ya vichwa kutoka chumba hadi chumba. Maneno nayo yalipita, ndiyo. Ugomvi wa chumba cha tatu uliusikia chumba cha kwanza, na asubuhi mtu anasalimia kama hajui lolote. Wala siwaambii turudi kule. Kwenda choo cha uani saa nane usiku masika yakinyesha, nani anataka? Ninachosema ni kwamba aliyechora ile korido alijua upepo wa bahari unatoka wapi. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, utakuta hivyohivyo kwa namna nyingine: kuta nene za mawe na chokaa, ua katikati ya nyumba, dari refu. Hawakuwa na luku, ikabidi watumie akili.

Sasa tazama dirisha. La mbao la zamani ukilifungua limefunguka lote. La luva nalo, ukivuta mkono vioo vinalala na upepo unapita karibu pote, ingawa vumbi lake mimi sikulipenda kamwe. Hili la aluminiamu la kusukuma lina vioo viwili, na kimoja lazima kiwe mbele ya kingine. Umelipia futi tano, upepo unaopata ni wa futi mbili na nusu. Ongeza wavu wa mbu. Ongeza grili. Ongeza pazia la ndani jepesi na pazia la nje zito la kitambaa cha kung'aa, limefungwa mchana kutwa ili jua lisipaushe makochi. Makochi yana hali nzuri kuliko wenye nyumba! Na yapo madirisha ya aluminiamu yanayofunguka kwa bawaba, upande wote. Muulize fundi, atakutengenezea. Hakuna anayeuliza.

Jiko ndilo lililomfanya mama ntilie wetu wa hapa kijiweni aache kukaanga vitumbua akaingilia. Siku hizi kila anayerekebisha nyumba anavunja ukuta wa jiko, liungane na sebule, na kaunta katikati yenye viti virefu vya kuzunguka. Mama ntilie akasema: “Wanangu, jiko la wazi ni la mtu asiyekaanga samaki.” Kijiwe kizima kimya. Ni kweli tupu. Kaanga changu pale kaunta, mafuta ya nazi na vitunguu saumu, uone makochi yatanukia nini mpaka Ijumaa. Matokeo yake mama mwenye nyumba anapika nje, nyuma, kwenye kibanda cha bati na jiko la mkaa, na lile la ndani lenye kabati nyeupe linabaki la kuchemshia chai wageni wakija. Kabati zenyewe ni za MDF. Maji yakivuja chini ya sinki wiki moja tu, zinavimba, milango haifungi. Mninga na mkongo ipo, lakini picha kwenye simu ilikuwa nyeupe.

Na hapa niseme bila utani. Serikali inatuhimiza tuache mkaa, mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na ni jambo jema. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatandaa sakafuni na kukaa. Ukishaunganisha jiko na sebule, ukaziba matundu, ukafunga aluminiamu na mapazia, hiyo gesi umeikaribisha ikae na watoto wanaocheza chini kwenye tailizi. Tundu la hewa karibu na sakafu, linalotokea nje, ni shimo la tofali moja. Mtungi wenyewe ukikaa nje ya ukuta, vizuri zaidi.

Kuhusu huko kuvunja kuta sisemi mengi. Kuna ukuta wa kugawa vyumba na kuna ukuta uliobeba kenchi, na kwa macho zote ni tofali na lipu. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na habari za siku zile zilikuwa za kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo. Nyumba yako ya chini si ghorofa, najua. Bado muite mhandisi aangalie kabla nyundo haijapigwa, hela yake haifikii bei ya hayo makochi.

Choo nakipitia haraka kwa sababu kinanitia hasira. Tailizi za kung'aa bafuni, juu ya zile za zamani ambazo hazikubanduliwa, mlango sasa unakwaruza chini, maji hayaelekei kwenye tundu, na bibi anaoga ameshika ukuta. Khaa!

Mwenye nyumba anaweza kusema: mbona wapangaji wanazigombania? Ni kweli wanazigombania, kwa sababu nyumba inatazamwa saa kumi na mbili jioni, kajua kameshapoa, taa za bluu zimewashwa, dalali anaharakisha. Anayekwenda kuangalia nyumba saa nane mchana ni nadra, na akienda dalali anamwambia mwenye funguo hayupo.

Kwa hiyo wewe unayekusanya hela ya kurekebisha, kabla fundi hajakata ubao wa kwanza, mwambie haya: matundu chini ya paa yabaki na yawekewe wavu, ndoano ya pangaboi ifungwe kwenye kenchi kabla dari halijafungwa, ngazi ya dari iwe moja, dirisha lifunguke lote. Akikuambia si fasheni, mlipe nauli yake aende. Na wewe unayetafuta ya kupanga, nenda saa nane mchana, fungua madirisha, kaa sebuleni dakika kumi bila kuwasha kitu. Dalali akinuna, mwache anune.