Keki ya Sendofu na Tabo ya Forester

Ukinunua Forester ya tabo iliyotoka kiwandani mwaka 2003, unaleta nyumbani gari la familia lenye buti kubwa, na papo hapo unaleta mjadala usiokwisha. Yetu inalala uani, Tabata, chini ya mwarobaini. Injini yake ni EJ205, cc 1,994, silinda nne zilizolala mbili kulia na mbili kushoto, na Japani ilitoka na nguvu za farasi 220. Baba watoto aliinunua ili watoto waende shule na keki zangu ziwafikie wateja salama. Mdogo wake, shemeji yangu anayekaa chumba cha uani, alifungua boneti siku ileile gari lilipofika, na tangu hapo sebule yetu haijakosa boksi la spea.

Kisa cha sufuria ndicho kilichotangulia. Mshale wa joto ulikuwa unapanda kila tukienda mwendo mrefu. Shemeji akasema dawa ni rejeta ya alumini, nene kuliko ya kiwandani, na bei alikuwa ameshaulizia Gerezani. Nikamwambia baba watoto kabla hajanunua cha kuongeza, apime kilichopo. Akafungua themostati, kidude cha chuma na shaba kinachoenea kiganjani, tukakitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, nami nikashika kipimajoto changu cha kupikia sukari. Themostati ya injini hizi inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 76 na 80. Tukapita 80, tukapita 90, mdomo bado umefumba. Mpaka maji yanachemka kabisa, ulikuwa umeachia upenyo ambao punje ya mchele isingepita. Jioni ileile ikafungwa themostati mpya, mshale ukatulia katikati, na pesa ya rejeta ikaenda kulipa ada ya shule.

Haukupita muda mrefu gari likawa zito. Ukikanyaga mafuta, ule msukumo wa tabo ulichelewa kuja, na ulipokuja ulikuja nusu. Nyuma tukawa tunaacha moshi mweusi. Tabo hupuliza injini kama mvukuto wa mhunzi unavyopuliza moto: moshi unaotoka unazungusha feni moja, feni hiyo inazungusha mwenzake, na huyo mwenzake anashindilia hewa kwenye silinda. Mhimili unaoziunganisha hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikishindiliwa hupata joto, hivyo hupozwa kwanza kwenye intakula, ambayo kwenye Forester imelala juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti. Shemeji alichokonoa mdomo huo, akatoa majani makavu ya mwarobaini yaliyoziba mapezi ya intakula. Gari likabaki zito vilevile. Akahitimisha kwamba tabo imechoka, na inahitaji kusaidiwa.

Msaada wenyewe ulikuwa kivali cha shaba chenye skrubu, akakifunga kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye tabo. Mpira huo ndio unaoiambia tabo kwamba hewa imetosha: mgandamizo ukifika kiwango, kilango kinafunguka upande wa moshi, moshi mwingine unapita pembeni, na feni haizidishi kasi. Kivali cha shemeji kilipunguza ujumbe huo, kilango kikawa kinachelewa kufunguka. Gari likapata nguvu, baba watoto akafurahi, na mezani wakati wa chakula cha usiku shemeji akatupa historia. Mwaka 1989, akasema, Subaru Legacy yenye injini ya tabo ya ukoo huuhuu ilikimbia kilomita 100,000 kwenye kiwanja cha majaribio cha Arizona, Marekani, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 223 kwa saa. Injini ya namna hiyo itashindwaje na skrubu moja? Jambo hilo ni la kweli, na watoto walilisikiliza kwa makini kuliko hadithi yoyote niliyowahi kuwasimulia.

Ndipo ikaja sendofu ya wifi yangu, Iringa. Keki ilikuwa mchango wangu: ngazi tatu. Mbili za juu nilizifungia kwenye maboksi yake, na ile ya chini, nzito kuliko zote, nikailaza na boksi lake kwenye sakafu ya buti juu ya mkeka wa mpira ili isiteleze. Alfajiri, wakati napakia, baba watoto alisikia injini inapumua kwa mbali, sss, akimulika akaona klipu ya mpira wa intakula imelegea. Akachukua bisibisi akaikaza barabara. Sauti ikakata, nasi tukaondoka.

Tulipita Chalinze na Morogoro vizuri mno. Baba watoto alisema gari halijawahi kuwa jepesi kiasi hicho. Kabla ya kufika Mikumi akapata nafasi ya kulipita lori, barabara nyeupe mbele, akakanyaga. Gari likajitupa mbele kwa nguvu ambayo sikuizoea, kisha injini ikazima na kuwaka tena kwa mshtuko mmoja uliotupeleka sote kwenye mikanda. Nyuma nikasikia kishindo kizito. Baba watoto akarudi nyuma ya lori kwa utulivu, akatafuta mahali pa kuegesha. Nilipofungua buti, boksi la keki ya chini lilikuwa limesagana na mgongo wa kiti, upande mmoja umebonyea, na krimu imepakaa boksi kwa ndani. Watoto walinyamaza wote. Niliwaambia keki inatengenezeka, muhimu wote wazima.

Kutoka hapo nguvu zikatoweka. Mlima wa Kitonga tuliupanda nyuma ya malori, moshi mweusi ukitufuata kila kona. Kwa mama mkwe tulifika jioni. Baada ya shikamoo na pole ya safari alitazama keki, akatazama gari, akanifungulia jiko lake. Upande uliobonyea niliukata ukawa sawa, nikaujaza krimu na kuufunika kwa maua ya sukari kuanzia chini hadi juu.

Kesho yake asubuhi akaja mjomba, kaka yake mama mkwe, fundi aliyekula chumvi nyingi chini ya magari. Aliwasikiliza wapwa zake mpaka mwisho, hakumkatiza mtu. Kisha akaomba kipande cha mpira wa kuzibia, pampu ya tairi, bakuli la maji ya sabuni, na kutoka kwangu brashi ninayopakia yai kwenye mikate. Aliziba mdomo wa kuingizia hewa, akasukuma hewa kidogo ndani, akaanza kupaka sabuni kwenye kila maungio. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama upande wa pili, ndiye aliyeona kwanza.

"Kaka, mbona hapa panachemka?"

Chini ya mpira wa njia mbili unaoipelekea intakula hewa, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, povu lilikuwa linatoka mfululizo. Mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu wa kidole, na klipu imeteleza.

Mjomba akatuelewesha hapohapo. Hewa inapimwa na sensa mwanzoni kabisa, karibu na filta. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Hewa ikivuja njiani baada ya kupimwa, petroli yake inaingia lakini yenyewe haifiki, na ndiyo maana ya moshi mweusi na gari kula mafuta. Tabo haikuwa imechoka. Ilikuwa inajaza chombo kinachovuja, na kivali kililificha pengo hilo kwa kuilazimisha ifanye kazi zaidi. Siku baba watoto alipokaza klipu, uvujaji ukaziba kwa muda, na nguvu yote iliyoongezwa ikafika kwenye injini kwa mara ya kwanza. Mgandamizo ukapita kikomo kilichowekwa kwenye kompyuta, ikakata petroli ili kuokoa injini. Mshtuko uliobonyeza keki ulikuwa ulinzi wa kiwandani ukifanya kazi yake. Kisha mpira ukateleza tena.

Shemeji akataja Arizona. Mjomba hakuidharau.

"Ile ilikuwa mpya, mpwa wangu. Hii mipira yake imekaa juu ya injini ya moto zaidi ya miaka 20. Na huko Japani zinakotoka hizi, petroli ya daraja la juu inafika oktani 100. Ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukishindilia hewa nyingi kwa petroli isiyotosha, inawaka kabla ya wakati, inagonga. Pistoni ikivunjika ukingo wa ringi, hapo utaongeza nini?"

Akafungua kivali, akamkabidhi shemeji mkononi, akarudisha mpira mwembamba ulivyokuwa. Mpira mkubwa uliopasuka tuliupatia mbadala mjini Iringa. Sendofu ilifana, na wifi alikata keki bila mgeni kuulizia maua ya upande ule. Kwenye safari ya kurudi msukumo ulikuja mapema na kwa ulaini, moshi hakuna, na geji ya mafuta ilishuka taratibu. Nguvu yote ambayo shemeji aliitafuta madukani ilikuwa mali yetu tangu siku ya ununuzi.

Gari la tabo lenye umri huu hudai kwanza kurudishiwa kilichopotea, kabla ya kuongezewa kitu. Siku hizi mlangoni mwa friji kuna orodha, na aliyeiandika ni shemeji mwenyewe. Mipira yote ya hewa na ya maji. Oili nzuri, ibadilishwe mapema, maana mhimili wa tabo huelea juu yake. Taimingi belti, ambayo kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Plagi. Kisha kupima kompresheni ya kila silinda, tujue injini yenyewe ina afya gani. Ekzosi pana na kupanga upya programu ya kompyuta vipo chini kabisa, kwa fundi atakayepima mchanganyiko wa hewa na petroli gari likiwa kwenye mzigo. Huwezi kupanua ekzosi na kuiacha kompyuta na hesabu za zamani, kwa sababu moshi ukitoka kirahisi tabo huongeza kasi, na mgandamizo hupanda hata bila kivali.

Mstari mmoja niliuongeza mimi, juu ya ekzosi: diski na pedi mpya za breki, magurudumu yote manne. Shemeji aliuliza kama zinaongeza nguvu. Nilimjibu kwamba haziongezi, na pesa ya ekzosi haitatoka kwenye bahasha mpaka zifungwe. Baba watoto amekubali, mama mkwe ameunga mkono kwa simu, nami silegezi. Kinachokaa kwenye buti ni kazi ya mikono yangu, na wanaokaa kiti cha nyuma ni watoto wangu.