Pikapu Inazima Njiani: Watuhumiwa Saba, Tukianza na wa Mwisho

Barabara ya Omurushaka hadi Murongo, kupitia Nkwenda, Isingiro na Kaisho, ina zaidi ya kilometa 100, na ndiyo inayozipima Hilux za zamani. Ikizima mlimani na magunia ya kahawa nyuma, kila abiria anageuka fundi. "Pampu hiyo!" "Injini imekufa, uza!" Jamani, subirini. Kabla hujashika spana, jiulize: imezimaje? Ikikata ghafla, utadhani umezungusha ufunguo, tuhumu umeme. Ikikohoa na kupoteza nguvu kwanza, tuhumu mafuta.

7. Injini yenyewe
Hulaumiwa wa kwanza, namwita wa mwisho. Injini iliyochoka hutoa moshi, hula oili, na asubuhi hugoma kuwaka. Inalalamika miezi mingi kabla. Kama mshale wa joto haujapanda, na gari linawaka tena baada ya dakika chache, mwacheni mzee apumzike.

6. Filta ya hewa
Vumbi la Julai huku kwetu halina adabu. Ila filta iliyoziba huleta moshi mweusi na uvivu zaidi kuliko kuzima. Ifungue, ikung'ute, endelea.

5. Sailensa (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta)
Mlimani inapanda vizuri, ukiachia mafuta pale njia panda ya Omurushaka inazima mbele za watu. Kwa petroli, safisha kabureta na ukague mipira ya hewa iliyopasuka. Kwa dizeli, anza na skrubu ya sailensa.

4. Koili
Hii ni ya wenye petroli. Ikipata moto inakata cheche, ikipoa inafufuka, na ukifika gereji haina kosa lolote! Ikamate palepale ilipozima: chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli iliyomwagika, mwenzako apige stata. Hakuna cheche, na ikipoa inarudi? Koili ndiyo ya kwanza kutuhumiwa. Na wewe mwenye dizeli ukiambiwa koili imeungua, chukua ufunguo wako, aga kwa heshima, uondoke. Injini ya dizeli haina koili ya kuwashia.

3. Kifuniko cha tangi
Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Tundu la kifuniko likiziba, au ukiwa umefunga nailoni na mpira kwa sababu kifuniko kilipotea Kihanga, tangi linavuta mpaka pampu inashindwa. Gari likizima, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia "fyuuu" na gari likawaka, kesi imekwisha bila shilingi kutoka mfukoni.

2. Waya mmoja mdogo
Barabara ya changarawe hulegeza kila kitu. Tikisa tamino za betri, fuata waya wa ethi mpaka kwenye bodi. Halafu nenda kwenye pampu ya dizeli. Hilux nyingi za injini ya 2L na 3L zina swichi ya umeme pale, inayofungua njia ya mafuta ufunguo ukiwashwa. Waya wake ukilegea sekunde moja tu, injini inakufa bila hata kukohoa. Washa ufunguo bila kupiga stata, chomoa waya ule, urudishe: lazima usikie "tik". Kimya? Kagua waya na fyuzi kwanza, kisha swichi yenyewe. Nimeona pampu nzima ikishushwa kwa ajili ya waya huu, na inauma.

1. Mafuta: maji, uchafu na hewa
Bingwa wetu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini kinasaba hakiondoi maji kwenye dumu lililokaa nje ya duka kijijini. Tangi nusu tupu nalo hutoka jasho usiku wa baridi ya milimani. Legeza skrubu ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa ya maji iliyo safi na kavu, uache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Utayaona kwa macho.

Kisha pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ibonyeze mpaka iwe ngumu. Ikilainika tena baada ya muda, hewa inaingia mahali. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa gari, utazame. Mapovu yakipita, rudi nyuma kuelekea tangi ukikagua kila mpira na kila klipu. Mpira mkavu wenye ufa mdogo hauvujishi tone, ila hewa inapita.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kayanga, Nkwenda na Kaisho, msinunue pampu kabla ya filta mpya, mipira mipya na klipu za kubana. Fundi akikataa kuanza hapo, tafuta mwingine.