Sifa za Springi ya Breki

Waungwana huisifu breki kwa kusimamisha gari. Springi ya dramu, kijichuma kilichojiviringa ambacho kila anayebadilisha breki shuu uani kwake hukilaani, haijatungiwa hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo ikome, kwa maana ndani ya dramu springi ndiyo iliyoajiriwa kuachia, na breki isiyojua kuachia si breki, ni kabari. Ukikanyaga pedali, silinda huzitanua shuu mbili zibane dramu inayozunguka. Ile ya mbele huvutwa na mzunguko wenyewe ikazidi kung'ang'ania. Hiyo ndiyo hila ya mtindo huu, ambao Louis Renault husifiwa kwa kuubuni mwaka 1902. Lakini mguu ukishaondoka, nani atazibandua shuu hizo zenye pupa? Springi. Ikichoka, shuu huparuza dramu safari nzima, gurudumu huchemka, petroli huteketea bure, na kwenye mteremko breki iliyokwisha kupata moto huwa legevu.

Mlalamikaji atasema springi huruka. Kweli, plaizi ikiteleza hupaa hadi majanini, na jicho lisilo na miwani halina salama. Lakini hiyo ndiyo hati yake ya kazi: springi inayovalishwa kwa vidole viwili itairudisha shuu ipi? Atasema tena kwamba diski haina vurugu hizi, kwani ringi ya mpira huirudisha pistoni kimyakimya. Sawa; ila breki ya mkono kwenye dramu hutosheka na kebo na wenzo, ndiyo maana magari mengi madogo yamebaki na dramu nyuma. Isitoshe, springi ni mwalimu. Hulazimisha fundi wa nyumbani afungue upande mmoja tu, wa pili ubaki kielelezo, kwa kuwa rangi na mahali pa kila springi havikaririki. Mwenye haraka akifungua pande zote mbili hubaki na fumbo, tena huweza kuchanganya adjasta za kushoto na kulia, ambazo mara nyingi nyuzi zake hupishana.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Basi unaponunua shuu mpya, nunua na springi za magurudumu yote mawili, maana moto huzilegeza. Na vumbi la dramu lilowanishe, usilipulize.