Jinsi ya Kujuta kwa Kiingereza Bila Kukosea

Kwanza tafuta jambo lililokwisha kuharibika. Liwe limepita, liwe halitengenezeki tena, na pawe na watu wanaobishana jinsi ambavyo lingaliepukika. Harusi uliyoikosa inafaa. Goli lililopotezwa dakika ya mwisho linafaa sana. Lakini kwa mazoezi ya mwanzo nakushauri uchukue Titanic, kwa sababu huo ni msiba uliojutiwa kwa Kiingereza mbele ya maseneta na majaji. Meli iligonga mlima wa barafu saa 5:40 usiku, tarehe 14 Aprili 1912, na saa 8:20 usiku huohuo ikazama na watu zaidi ya 1,500. Zikafuata tume mbili za uchunguzi, moja Marekani chini ya Seneta William Alden Smith, nyingine London chini ya Lord Mersey. Wiki kwa wiki watu walisimamishwa na kuulizwa habari za mambo ambayo hayakutokea.

Kabla hujafungua kinywa, isemee moyoni sentensi yako kwa Kiswahili, usikie kama inataka -nge- au -ngali-. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mitaani -ngali- tumewaachia walimu. Tunasema "ningejua ningekuja" tukizungumzia harusi ya mwaka juzi, na tunaelewana vizuri tu. Kiingereza hakikubali. "If I knew, I would come" ni maneno ya mtu ambaye bado anaweza kualikwa. Kama biriani imeshaliwa na maturubai yamekunjwa, sema "If I had known, I would have come". Kwa hiyo irudishe -ngali- kichwani kwanza. Ukishakuwa nayo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ina mtego wake. Sisi -ngali- tunaigawa pande zote mbili sawasawa: wangalikuwa na darubini, wangaliuona mapema. Mwenye mazoea hayo akiingia kwenye Kiingereza hutamka "If they would have had", na mtahini anakata alama papo hapo. Wamarekani wengi utawasikia wakisema hivyo katika mazungumzo, lakini kwenye mtihani na barua ya kazi usithubutu. Upande wa "if" unataka "had" na umbo la tatu la kitenzi, lile la "gone", "seen", "known". "Would have" mahali pake ni upande wa matokeo.

Walinzi wa Titanic wanatupa sentensi ya kufanyia mazoezi: "If they had had binoculars, they would have seen it sooner". Hiyo "had had" isikutishe, na wala usidhani ni kigugumizi. "Had" ya kwanza inalirudisha jambo nyuma. Ya pili ni kule kuwa na darubini. Frederick Fleet alikuwa juu ya mlingoti usiku ule, bahari shwari, mwezi hakuna. Akaona kitu cheusi mbele, akagonga kengele mara tatu, akapiga simu kwa maofisa waliokuwa wakiiongoza meli. Darubini hawakupewa. Maseneta walipomuuliza, alishikilia kwamba wangalikuwa nayo wangaliuona mlima ule mapema kidogo, kiasi cha kutosha kuukwepa. Hiyo ndiyo "would have": msemaji ana hakika na matokeo. Baadhi ya manahodha walioitwa London hawakuamini kabisa kwamba darubini humsaidia mlinzi. Ukitaka kuwatendea haki na wao, sema "they might have seen it sooner".

Kuchagua kati ya "would", "could" na "might" ndiyo kazi yenyewe, na naomba usiipite haraka. Mtu aliyezoea "would have" peke yake huigeuza kila bahati aliyoikosa kuwa hakika: ningalishinda, ningalitajirika, ningalimwoa. Nani kamwambia? Itazame boti namba 1 ya Titanic. Ilikuwa na nafasi za watu 40, ikashushwa ikiwa na 12. Hapo andika bila kusita "It could have carried twenty-eight more people", kwa sababu unazungumzia uwezo uliokuwepo na haukutumika. Nafasi hazibishaniwi. Lakini ukiulizwa habari ya boti zenyewe, kwamba zilikuwa 20, zenye nafasi za watu 1,178, ilhali melini mlikuwa na watu zaidi ya 2,200, punguza kasi. Boti zaidi zingaliwaokoa wote? Mabaharia hawakupata muda wa kushusha hata zile zilizokuwepo. Mbili za mwisho ziliondolewa na maji meli ikienda chini. Mwenye kujiheshimu anaandika "might have saved more".

Mwalimu bora wa somo hili ni ripoti ya Lord Mersey, pale inapofika kwenye meli iliyoitwa Californian. Ilikuwa imesimama katika barafu si mbali, mtu wake wa redio alishazima mitambo muda mfupi kabla ya ajali, na waliokuwa zamu waliona fataki za Titanic angani. Ripoti inasema "could have" inapozungumzia kupenya kwenye barafu, maana hilo Mersey aliliona liko ndani ya uwezo wa meli. Inapofika kwenye roho za watu inahamia "might have". Na inaingilia na "Had she", ikiiacha "if" nje kabisa. Jifunze mlango huo, unafaa sana kwa barua za malalamiko.

"May have" iache mbali na majuto. "They may have survived" inasemwa na mtu asiyejua kama wamepona, kwa hiyo ukimwambia mfiwa maneno hayo unampa tumaini la bure. "Should have" ni ya kulaumu, na ukiitumia uwe tayari kumtaja unayemlaumu. Ukisikia "would of" masikioni, ujue ni "would've", na uiandike hivyo hata kama Mwingereza mwenyewe kaandika vingine.

Mwisho kuna majuto ambayo chanzo chake ni zamani na matokeo yake ni leo. Titanic ilikuwa na dada yake, Olympic, aliyesafiri salama mpaka akastaafishwa mwaka 1935, na ukiuliza watu njiani ni wachache wanaomjua. Basi Titanic nayo isingalizama, leo wachache wangeijua. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakwenda pamoja, -ngali- mbele na -nge- nyuma: "If the Titanic had not sunk, few people today would know its name". Usiongeze "have" baada ya "would", maana kujua huko ni kwa sasa hivi.