Kupumzika Nako Kunataka Nguvu

Wanaotoa ushauri wa kupumzika nina hakika kila mmoja wao ana chumba chake. "Tafuta sehemu tulivu," wanasema, kana kwamba utulivu unapimwa dukani kwa Mangi pamoja na sukari. Mimi naishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na mume, watoto, mama mkwe, shemeji aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi, na jogoo wa jirani anayewika saa nane za usiku. Nafundisha sekondari mjini. Nikirudi jioni na begi la madaftari, sehemu tulivu pekee nyumbani kwetu ni chooni, na huko nako nagongewa.

Tabibu wa zahanati niliyemwendea nikilalamika kwamba naamka nimechoka kuliko nilivyolala alifanya jambo la maana: hakukimbilia kunipa vitamini. Alinipima presha, sukari, malaria na wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito akiwa na damu chini ya 12 huhesabiwa ana upungufu, na nadhani wapo wengi mtaani kwetu wanaoitwa wavivu, au wanaosema wamerogwa, kumbe wamepungukiwa damu tu. Yangu ilitosha. Akaniuliza nalala muda gani. Nikacheka, naye akaandika kwenye karatasi: usingizi wa saa saba au zaidi, chai isivuke alasiri, kutembea kwa miguu, simu ikae mbali na kitanda, kupumua polepole. Basi. Mama mkwe alipoona karatasi haina hata kidonge kimoja alisema zahanati ile haina daktari.

Nilianza na kupumua kwa sababu ni bure. Unavuta hewa kwa hesabu ya nne, unaitoa kwa hesabu ya sita. Ikitoka taratibu kuliko ilivyoingia, mapigo ya moyo yanapungua kasi na mwili unatulia. Nikaketi kwenye mkeka uani, nikafumba macho, nikaanza. Nne ndani, sita nje. Nilikuwa nimeanza kuonja utamu wake niliposikia sufuria ikianguka, na sauti ya mama mkwe ikipaa juu ya ukuta: "Jamani njooni, mkwe wangu kapandisha!"

Kwetu msaada hauchelewi. Ukichelewa kulipa mchango watu wanakuja, sembuse ukipandisha. Kabla sijafumbua macho nilishapakwa kitu chenye harufu ya karafuu, kanga imetupwa begani, na jirani mmoja mwenye uzoefu amenishika mikono na kuanza kumhoji mgeni.

"Sema, wewe uliyekuja. Unataka nini?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote katika nyumba ile. Nikajibu kwa dhati: "Nataka kulala."

Wakatazamana. "Maskini," akasema mama mkwe kwa huruma ya kweli, "hata jini lenyewe limechoka."

Usiku ule hakuna aliyegonga mlango wangu. Shemeji alikula kiporo bila kuuliza mboga iko wapi, watoto walitembea kwa ncha za vidole, na mimi nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Kupumua polepole nakupendekeza kwa kila mtu, ingawa siwezi kuahidi kwamba kila mtu atapata majirani kama wangu.

Kutembea kulikuwa na mambo yake. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa wastani, na mwendo wa haraka wa miguu unahesabiwa. Kama ni kushughulika tu, mwanamke wa Chanika anamaliza hizo kabla ya Jumatatu jioni. Ila kutembea bila ndoo, bila mtoto, bila kikapu, ni habari nyingine. Kila kibaraza kina swali. "Mwalimu, wapi tena? Kuna msiba?" Nikisema natembea tu, wanasubiri nimalizie sentensi. Kijana mmoja wa bodaboda alinifuata taratibu kwa huzuni, akaniambia, "Panda tu mwalimu, najua mshahara haujatoka." Sikuwa na namna ya kumkatalia bila kumvunja moyo. Nilifanya mazoezi hadi nyumbani nikiwa nimepakiwa.

Chai ndiyo iliyoniuma. Tabibu alinieleza kwamba kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo. Kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado kipo kazini wakati mimi nahesabu mabati. Nikahamia mchaichai mtupu, bila majani ya chai. Mume wangu alikunywa, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama tuna deni ambalo sijamwambia. Kuhusu ngoma za vigodoro zinazokesha mtaani mwisho wa wiki, na feni inayozimika umeme ukikatika, karatasi ile haikusema kitu, nami sina la kuongeza.

Dawa yangu hasa haikuandikwa na tabibu. Kila msafiri wa daladala anaijua: kugeuza. Jioni, badala ya kugombea mlango kituoni, napanda gari lile lile likiwa bado linaelekea mjini, nakwenda nalo hadi mwisho wa njia, na kugeuza nalo. Nalipa nauli mara mbili. Wapo wanaoniona mbadhirifu, na mmoja wao nimeolewa naye. Lakini napata siti ya dirishani, na katika foleni ndefu nalala. Konda anapiga kelele, redio inatangaza mpira, mtu ananisimamia na kuku wake, nami sina habari. Ndani ya daladala hakuna anayeniita mama, mwalimu wala mkwe.

Lingine ni makundi ya WhatsApp. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna uchovu unaotokana na msongo wa muda mrefu wa kazini usiodhibitiwa vizuri, na likasisitiza kuwa maelezo hayo ni ya kazini tu. Walioandika hivyo hawajawahi kuwa makatibu wa kamati ya harusi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya watu nisiowajua vizuri, huku nikidaiwa ahadi kwenye kipaimara, send-off na arobaini. Simu inakupa nafasi ya kunyamazisha kundi kwa saa nane, wiki moja au daima. Nilichagua daima, kisha nikaandika neno "sitaweza" nikaiweka simu sebuleni. Hakuna aliyekufa. Harusi ilifungwa, na nasikia pilau lilibaki.

Ukiona uchovu wako unapita wiki kadhaa, nenda kapime kabla hujamshuku jirani. Na wewe unayepanda magari ya Chanika jioni, ukiona mwanamke amelalia begi la madaftari dirishani, tafadhali usimwamshe. Anashuka mwisho.