Kilobaiti 64 na Blanketi la Mama

Mama mkwe wangu alipoamua kuuza nyumba yake na kuhamia fleti ndogo ya wazee hapa Köln, aligawa mali yake mwenyewe, akiwa hai na akili zake timamu. Wifi yangu alipata sahani za kaure. Sisi tulipata sanduku la karatasi lililoandikwa jina la mume wangu kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na Commodore 64, kiendeshi chake cha diski, adapta yake, na rundo la diski zenye mwandiko wa mtoto wa darasa la saba. Ningeulizwa, ningechagua sahani.

Baba Nuru hakuvua hata koti. Alikaa sakafuni sebuleni, akaipuliza vumbi ile kompyuta, akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga, alichokiokota enzi zile akifanya kazi kwenye mradi wa maji:

"Mama Nuru, hii ndiyo iliyonilea."

Nikamwambia kumbe yule mama wa watu alijisumbua bure.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982. Prosesa yake haifiki hata megahezi moja, rangi zake ni 16, na chipu yake ya muziki ina sauti tatu. Kumbukumbu ni kilobaiti 64, na ukiiwasha inakutangazia yenyewe kwamba umebakiwa na baiti 38911 za kufanyia kazi. Picha ya shangazi yako akiwa harusini, ile aliyokutumia kwa WhatsApp, haienei humo. Mchana mume wangu huandika programu za maghala kwenye mashine yenye uwezo mara maelfu kwa maelfu. Jioni huiacha, anakuja kukaa na hii.

Anachotengeneza kinaitwa demo. Demo ni programu isiyofanya kazi yoyote. Haipigi hesabu, haiandiki barua, wala haichezwi. Unaiwasha, inakuonyesha picha na kukupigia muziki kwa dakika kadhaa, basi. Ila kila inachokuonyesha ni kitu ambacho waliounda mashine hawakukusudia kiwezekane. Chanzo chake si cha heshima sana: vijana wa Ulaya wa miaka ya 1980 walivunja kufuli za michezo ya kompyuta, wakainakili na kuigawa, na mwanzoni mwa kila mchezo wakaweka sahihi yao, maandishi yanayotembea na muziki juu. Sahihi zikashindana uzuri, zikanenepa, mwisho zikaona hazina haja na mchezo.

Siku moja nikichambua mchele nilimsikia akimfundisha Nuru jinsi ya kufungua ukingo. Picha ya Commodore imezungukwa na fremu ya rangi moja, na kwa mujibu wa kitabu chake hakuna kitu kinachoweza kuonekana ndani ya fremu hiyo. Chipu ya picha, VIC-II, huchora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Skrini ikiwa ya safu 25 za maandishi, fremu ya chini huanza kwenye mstari wa 251. Ikiwa ya safu 24, huanza mapema, kwenye mstari wa 247.

"Sasa tunaiambia ni 25," akasema Baba Nuru. "Mstari wa 247 unapita salama. Halafu haraka sana, kabla ya 251, tunaiambia: samahani, ni 24. Inafanya nini?"

Nuru akafikiri. "Inangoja 247."

"Iliyokwisha kupita. Kwa hiyo haifungi. Picha zinashuka mpaka mwisho wa kioo."

"Kwa hiyo mnaidanganya."

"Hapana. Tunaiambia ukweli, lakini kwa wakati mbaya."

Mpaka hapo nilikuwa upande wake, nakiri. Ugomvi uliletwa na runinga. TV yetu bapa huipokea picha ya Commodore, huitafakari, huipanga upya, kisha huionyesha kwa kuchelewa, na mtu anayepigania sehemu ya milioni ya sekunde hawezi kuvumilia kuchelewa. Basi ikaletwa runinga ya chogo. Ilipandishwa ghorofa ya tatu na wanaume wawili wakitweta, ikamega plasta kwenye kona ya ngazi, ikakaa sebuleni mahali pa kabati la vyombo. Nyuma yake zikafuata Commodore nyingine mbili, maana demo itakayoonyeshwa kwenye mashine ya watu haitakiwi kuzimika kwenye mashine ya mtu yeyote, na hakuna mbili zilizofanana tabia. Zikalala kwenye sofa. Nilipouliza wageni watakaa wapi, mume wangu alijitetea kisheria: mwaka 2021 Ujerumani iliuandikisha utamaduni wa demo kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika, mwaka mmoja baada ya Finland.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama yangu, kutoka Tanga. Alifika mwezi Machi, Ramadhani imeanza, na Pasaka ya mwaka ule iliangukia katikati ya mfungo. Alipoelezwa habari ya urithi usioshikika alilitazama sofa.

"Usioshikika, lakini unakalika?"

Pasaka ndiyo siku ya hukumu ya watu hawa. Hukusanyika Saarbrücken kwenye tamasha liitwalo Revision, demo zinaonyeshwa kwenye skrini kubwa na watazamaji wenyewe ndio wapigakura. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na waliofunga na aliyefungiwa. Katika wote, Baba Nuru peke yake hakuhitaji kuamshwa daku. Alikuwa macho tayari.

Mama ni mtu wa kuuliza, na alipomuuliza mkwe wake kazi yenyewe ngumu ni ipi, akaelezwa. Prosesa na VIC-II hutumia kumbukumbu moja. Hupokezana kila nusu ya mpigo: huyu anasoma, yule anasubiri, bila kugusana. Lakini kila mstari wa nane wa picha VIC-II huhitaji kusoma zaidi, na hapo humsimamisha mwenzake mipigo zaidi ya 40, wakati mstari mzima una 63.

"Wake wenza na jiko moja," akasema Mama, ambaye anayajua hayo si kwa kusimuliwa. "Na huyo wa picha ndiye mke mdogo."

"Kwa nini mdogo, Mama?"

"Siku ya wageni anashika jiko zima, mkubwa anasimama mlangoni."

Baba Nuru aliandika maneno hayo kwenye karatasi, akaibandika juu ya runinga ya chogo. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi, na ndani yake ndimo lilimokuwa balaa letu. Maana katika demo yake picha nzima ilitelezeshwa kulia na kushoto bila kuhamisha baiti hata moja. Hufanywa hivi: mke mdogo anachokozwa aje jikoni katikati ya mstari, siyo mwanzo. Anaanza kuhesabu akiwa amechelewa, na picha yote inasogea pembeni. Tatizo ni kwamba baadhi ya Commodore zikifanyiwa uchokozi huo hupoteza sehemu ya kumbukumbu na kuzimika. Nyingine hazijali. Msweden Linus Åkesson alieleza mwaka 2013 kinachotokea ndani ya chipu za kumbukumbu, na akatoa njia ya kupanga data ili ajali isitokee. Baba Nuru aliijua njia hiyo. Lakini inakula nafasi, na yeye nafasi ilikuwa imemwishia.

Joto la mashine nalo lina neno lake katika jambo hili, na hapo ndipo hita ya sebuleni ilipoingia vitani. Mama akipita anaizungusha mpaka 5. Baba Nuru akipita anairudisha 2, ili apate kujua demo inaanguka kwa sababu ya programu au kwa sababu ya mama mkwe. Hawakugombana. Walikuwa wakipishana kimyakimya usiku kucha, mmoja akitoka kuswali, mwingine akitoka jikoni na chai.

Kulikuwa na furaha pia, nisipotoshe. Aliirekodi sauti ya Mama akisema "Hodi!" na kuiingiza kwenye kompyuta. Chipu ya sauti haikuumbwa kusema. Ile ya kwanza, 6581, ina kasoro: kila ukibadilisha kiwango cha sauti hutoa mlio mdogo, tik. Viwango viko 16, na ukivibadilisha maelfu ya mara kwa sekunde zile tik zinaungana kuwa usemi. Kwenye mashine ya mama mkwe wangu "Hodi!" ilitoka na mikwaruzo, lakini ni Mama mtupu, na lafudhi yake. Kwenye mojawapo ya zile za sofani, yenye chipu ya baadaye, 8580, alisikika kwa mbali mno. Kasoro ilikuwa imerekebishwa.

"Wamemtibu akawa bubu," akasema Mama.

Baada ya hapo aliacha kulalamika kuhusu hita. Tukadhani amezoea baridi.

Adapta ya Commodore ni tofali zito linalokaa sakafuni chini ya meza. Hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu, na nyingi zimejazwa ndani gundi iliyoganda, kiasi kwamba hazifunguki wala hazipoi. Huwa na joto muda wote. Mama, akirudi kukaa baada ya tarawehe, alikuwa ameligundua tofali hilo kwa nyayo zake. Alilipenda. Akalifunika kwa blanketi, akaingiza miguu, akawa anavuta tasbihi yake huku juu ya meza mkwe wake anapanga mipigo.

Saa kumi ya alfajiri moja skrini ikawa nyeusi. Baba Nuru alizima, akawasha, akazima. Nuru ndiye aliyeinama na kuinua ncha ya blanketi.

"Nilijua ni hita ya miguu," Mama akasema. "Si imewekwa pale pale penye miguu?"

Mume wangu alisimama kwa muda. Kiswahili chote kilimtoka, kikabaki kimoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Adapta hizi zikizeeka zina namna mbaya ya kufa. Kidhibiti cha ndani kikishindwa, volti 5 hazipungui, bali huongezeka, na za kwanza kuungua huwa chipu za kumbukumbu. Mashine ya mama mkwe wangu ina chipu nane za aina hiyo. Kuijua iliyokufa hakuhitaji kipimo: unaiunganisha mashine na umeme salama kwa muda mfupi na kugusa kwa kidole, iliyoungua huwa ya moto. Kazi hiyo alipewa Mama, ambaye vidole vyake hugeuza chapati bila kijiko. Akapita juu ya chipu kwa zamu. "Hii. Na hii." Zilikuwa ndizo.

Chipu mbadala zikang'olewa kwenye mojawapo ya mashine za sofani, zikalehemiwa kwenye meza ya jikoni, na tambi za futari siku ile zilinukia risasi. Wakati wa kusubiri, Nuru alionyeshwa kwenye simu demo ya mwaka 2021 ya kikundi cha Reflex, iitwayo Freespin. Humo kompyuta haimo kabisa. Kiendeshi cha diski, ambacho kina prosesa yake na kilobaiti 2 za kumbukumbu, kinaunganishwa moja kwa moja na runinga na kuchora chenyewe, huku injini yake ikitoa muziki. Mama aliuliza kama katika nchi hii kuna kifaa kinachofanya kazi kilichonunuliwa kuifanya.

Commodore ikawaka. Demo ikaanguka. Chipu zile zilitoka kwenye mashine isiyovumilia kuchokozwa, na sasa mashine ya mama mkwe wangu nayo haikuvumilia. Muda ulikuwa umekwisha. Baba Nuru aliufuta utelezi wote, kazi ya majira mazima ya baridi, na katika nafasi iliyopatikana akaweka "Hodi!" mara mbili badala ya moja. Kwenye fomu ya mashindano akajaza kwamba chipu ya sauti sharti iwe 6581.

Tuliitazama kwa intaneti, sisi Köln na yeye Saarbrücken, ukumbi mzima gizani. Sauti ya Mama ilitoka kwenye spika kubwa kuliko za harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria. Watu wakapiga kelele za shangwe. Kura hazikutosha kumpandisha jukwaani, na Mama anayo sababu.

"Watu wote wale," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeitikia karibu."

Hita siku hizi iko kwenye 3. Nawe msomaji, ikiwa kuna Commodore iliyolala kabatini kwenu au kwa wakwe zako, usiiwashe kwa adapta iliyokuja nayo. Ipime kwanza, na volti zake 5 zikizidi, itupe. Adapta mpya zinatengenezwa na kuuzwa mpaka leo. Na hiyo mpya nayo isifunikwe blanketi.